Usiguse Saa ya Mashine

Mimi ni mjane, mama wa watoto wanne. Nimesoma hadi darasa la saba, na kazi yangu ni migomba na kahawa. Mambo ya kamera sikuyajua na sikudhani yangenihusu. Naandika kwa ajili ya mwenye duka, mwenye sheli, au mzazi mwenzangu ambaye kesho atasimama mbele ya mashine ya kamera. Asifanye nililofanya mimi.

Mwanangu wa kwanza anaitwa Hagenimana. Ana miaka ishirini na minne, anaendesha bodaboda. Sisi tunakaa Nyakatuntu, ila yeye kazi anaifanyia Murongo, mpakani, anabeba watu wanaovuka kwenda na kutoka Uganda. Pikipiki yake ni nyekundu, na kiti chake nilikivalisha kitambaa cha manjano, nikakishona kwa mkono wangu.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa nane mchana, bibi Kokuberwa alikuwa anavuka barabara pale kwetu, ametoka kugeuza kahawa yake juani. Pikipiki ikamgonga. Aliyemgonga hakusimama. Mwanamke aliyekuwa shambani juu ya barabara alipiga yowe, watu wakaja, wakampeleka bibi hospitali. Alikata roho kesho yake alfajiri. Yule mwanamke alipoulizwa aliona nini, alisema pikipiki nyekundu yenye kiti cha manjano.

Nani asiyeijua pikipiki nyekundu yenye kiti cha manjano? Hagenimana alikamatwa jioni ile ile ya Jumanne, akiwa anarudi nyumbani, ananipigia honi kama kawaida yake.

Lazima niseme Kokuberwa alikuwa nani kwangu. Tulipohamia Nyakatuntu na marehemu mume wangu, watu walitutazama kama wapita njia. Walisema, hao Wanyarwanda watakaa miezi miwili watahama. Kokuberwa alikuja asubuhi na jembe begani, akasema, "Mtakula mawe? Njooni mchukue machipukizi ya migomba." Shamba langu lote limetokana na machipukizi yale ishirini. Na alipokufa sikuweza kwenda kwenye matanga yake. Jirani hakosi matanga. Mimi nilikaa ndani nikisikia nyimbo za maombolezo zikitoka ng'ambo ya migomba, na kisimani nilisikia mwanamke mmoja akisema, bila kupunguza sauti, "Hata ukiwapa migomba, wageni ni wageni."

Alhamisi nilikwenda kumwona Hagenimana kituoni. Aliniambia, "Mama, saa nane Jumanne nilikuwa Murongo kwa Adelard, nabadilisha mnyororo. Pale kuna kamera. Kamwambie aangalie."

Adelard ana duka la spea za pikipiki. Ni mtu mzima, mcheshi, tunasali naye kigango kimoja. Nilifika sijakula.

"Mama Hage, kaa kwanza," alisema. "Umekauka kama samaki wa Kagera."

"Sikai. Niangalizie Jumanne, saa nane."

Mashine yake iko kwenye kisanduku chini ya meza, na juu yake kioo kama cha televisheni. Akachagua siku, akachagua saa, akaandika nane. Picha ikaja. Nikamwona mwanangu amechuchumaa mlangoni kwa Adelard, mnyororo mkononi, anacheka na mtu. Kwenye kona ya picha paliandikwa 08:12. Nilipiga magoti pale pale kati ya matairi nikamshukuru Mungu.

"Si unaona?" Adelard alisema. "Saa nane na dakika kumi na mbili. Mtoto wako yuko hapa, tena ananidanganya eti mnyororo wa zamani ulikuwa na siku tatu tu."

Hatukujua kuitoa ile picha kwenye mashine. Adelard akachukua simu yake akakirekodi kioo, akanitumia. Niliishika simu yangu njia nzima kama mtu aliyebeba mayai.

Ijumaa nilikuwa mbele ya afande Rwezaura, mpelelezi wa ile kesi. Si mtu mbaya. Aliitikia salamu yangu taratibu, akaipokea simu, akaitazama mara mbili.

"Huyu ni mwanao kweli," alisema. "Lakini mama, hii ni asubuhi."

"Asubuhi gani, afande? Si imeandikwa nane?"

"Kwenye mashine nane ni saa mbili asubuhi. Saa nane ya mchana ingeandikwa kumi na nne. Mwanao alikuwa Murongo saa mbili. Kutoka saa mbili hadi saa nane mtu anafika Bukoba, sembuse Nyakatuntu."

"Basi na hiyo kumi na nne iangaliwe."

"Itaangaliwa. Tena hii mmepiga kioo kwa simu. Hii siwezi kuipeleka popote. Jumatatu nitakuja mwenyewe na barua, nichukue inayotoka kwenye mashine yenyewe. Mpaka hapo msiguse kitu."

Msiguse kitu. Aliyasema maneno hayo, na mimi niliyasikia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Murongo tena. Nilipomweleza Adelard alijishika kichwa.

"Ayii! Ni mimi. Mwezi wa tatu umeme ulikatika siku mbili, mashine ikasahau saa. Nikaiweka mwenyewe. Ilikuwa saa tatu asubuhi, nikaandika tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Si ilikuwa saa tatu! Wewe ungeandika ngapi?"

Na mimi ningeandika tatu. Ndivyo tunavyohesabu, siku inaanza jua likitoka. Nilitazama kona ya kioo. Kilikuwa kinasema 04:48, na kweli nje ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi na mbili. Kwangu mimi na Adelard hapakuwa na kosa lolote pale. Kosa lilikuwa kwa wanaosoma saa ya serikali, na hao ndio waliomshika mwanangu.

Nikasema, "Irekebishe. Weka ya serikali, kabla afande hajaja."

"Alisema tusiguse."

"Alisema tusiharibu. Sisi tunatengeneza."

Nilimsukuma kwa maneno, sikatai. Adelard akabonyeza, akatafuta, mwishowe kona ikasomeka 10:48. Nilijisikia kama nimemfuta mtoto matope usoni kabla ya kuingia kanisani. Kisha tukarudi kwenye picha ya Jumanne. Bado ilisema 08:12.

"Mbona haijabadilika?" niliuliza.

"Labda inachukua muda."

Tukasubiri. Akaagiza chai, tukanywa. Ikabaki 08:12. Tulidhani saa ya mashine ni kama saa ya ukutani, ukiisogeza basi imesogea yote. Kumbe kila picha inapigwa muhuri wake siku ile inapopigwa, na muhuri ule haufutiki. Tulichokibadilisha ni leo tu. Jumanne tuliiacha ilivyo, na tukaufuta ushahidi wa wazi kwamba saa ya Jumanne ilikuwa nyuma kwa saa sita. Afande angekuja akaikuta mashine inasema 04:48 wakati simu yake inasema 10:48, angejua mara moja, bila fundi wala kuapa.

Jumatatu alikuja na barua yake. Alianza na kile ambacho sasa najua ndicho cha kwanza: alitoa simu yake, akailinganisha na kona ya kioo.

"Sawasawa," alisema. "Hata dakika haijapishana. Mzee Adelard, hii saa kuna mtu amewahi kuigusa?"

Adelard akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu.

"Hapana, afande," Adelard akajibu.

Akafungua saa kumi na nne ya Jumanne. Duka limefungwa, giza tupu, hakuna mtu, kwa sababu kweli ilikuwa saa mbili usiku.

"Mchana ulifunga?"

"Huwa nafunga nikienda kula," Adelard alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha. Uongo wa kwanza ulikuwa umemvuta wa pili.

Afande akachomeka flashi, akakata nusu saa ya 08:00 na nusu saa ya 14:00, akaandika karatasi kwamba saa ya mashine imekaguliwa na ni sahihi. Adelard akasaini. Nikaambiwa nisaini kama shahidi. Nikaandika jina langu lote, Nyiransabimana, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

Hagenimana akafikishwa mahakamani, akapelekwa rumande.

Adelard alinisindikiza hadi barabarani. "Mama Hage, tumeshasaini. Tukirudi kusema tuligusa, watasema tumechezea ushahidi. Mimi nitafungiwa duka. Na wewe, unajua wewe watakuuliza nini."

Nilijua. Sisi wenye majina kama langu tukifika mbele ya meza yoyote tunaulizwa kwanza karatasi. Nimezaliwa nchi hii, na bado nikiona muhuri mkono unatafuta kitambulisho changu. Basi nikanyamaza. Nilijiambia Mungu ataonyesha njia nyingine. Nilipalilia, nilichuma kahawa, niliwapikia wadogo zake maharage, na kila kiti cha manjano kilichopita barabarani kilinisimamisha moyo. Nilinyamaza siku tisa.

Jumatano ya wiki iliyofuata nilikwenda rumande kumwona Hagenimana. Alikuwa amekonda. Nilimpelekea ndizi za kuchoma na hakuzigusa.

"Mama," alisema, "labda nimechanganya siku."

"Unasema nini?"

"Wanasema kamera inaonyesha asubuhi. Kamera haina sababu ya kunionea. Labda mnyororo nilibadilisha asubuhi. Labda mchana nilipita nyumbani." Akainamisha kichwa. "Barabara yetu ina vumbi. Labda niligonga kitu nikadhani ni jiwe. Nimekuwa nikiwaza usiku kucha, mama. Nimeanza kumwona bibi mbele ya taa."

"Mchana mtu hawashi taa, Hage."

"Sijui. Ninamwona."

Mwanangu alikuwa anajitengenezea hatia ambayo si yake kwa sababu mimi niliificha yangu. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa afande Rwezaura. Sikungoja kuitwa.

"Saa ya mashine tuliigusa," nilisema. "Jumamosi kabla hujaja. Ni mimi niliyemlazimisha Adelard. Kabla ya hapo ilikuwa inasoma saa zetu za Kiswahili."

Hakunifokea. Aliweka kalamu chini.

"Mama, unajua ulisaini nini?"

"Najua."

"Nilikuuliza mbele ya macho yako."

"Ulimuuliza Adelard, afande. Lakini mimi ndiye niliyenyamaza."

Kesho yake, Alhamisi, alikuja Murongo na fundi wa kamera kutoka Kayanga, binti anaitwa Nikuze. Kasichana kembamba, na begi mgongoni. Adelard alikuwa ameketi nyuma ya meza yake kama mtu aliye kwenye msiba. Aliulizwa, akakiri.

"Nani aliweka saa hii kwa kidole?" Nikuze aliuliza.

"Mimi, binti."

"Baba, hata kuku wako watakuwa wanaamka wamechanganyikiwa."

Hakuna aliyecheka, ila Adelard alipumua kwa mara ya kwanza. Nikuze hakugusa saa, hakugusa picha. Alifungua ukurasa ambao mimi na Adelard hatukujua kama upo. Humo mashine inajiandikia kila kinachofanyika kwake: umeme ulikatika lini, nani alifungua, nani alibadilisha nini.

"Mashine ina daftari lake, afande. Soma hapa. Jumamosi ile, saa imebadilishwa kutoka 04:48 kwenda 10:48. Saa sita kamili. Na kabla ya hapo, badiliko la mwisho ni mwezi wa tatu. Katikati hakuna."

Afande akasoma. "Huo ni ushahidi wa kwanza," alisema. "Nipe na wa pili. Wakili wa serikali atasema hawa wawili waliiandika wenyewe."

Nikuze akaiendesha Jumanne yote, kutoka mwanzo, kwa kasi. Giza, giza, giza. Halafu mwanga ukaanza kupenya chini ya mlango, Adelard akaonekana anafungua duka, na jua likamwagika sakafuni. Kwenye kona paliandikwa 00:50.

"Umeshaona jua linachomoza saa saba kasoro kumi usiku?" Nikuze aliuliza. "Mkikata nusu saa tu hamtaona hili. Siku nzima ndiyo inayosema ukweli."

Nilimtazama afande. Alikuwa ameivua kofia yake.

Nikuze akatoa siku nzima kwenye flashi mbili, pamoja na programu ndogo ya kuifungulia, kwa sababu video za mashine ile hazifunguki kwenye kompyuta yoyote tu. Flashi moja ikatiwa kwenye bahasha, ikagundishwa, wote tukasaini juu ya gundi. Nyingine ya kufanyia kazi. Akaandika karatasi: saa ya mashine siku ya tukio ilikuwa nyuma kwa saa sita, imejulikanaje, nani aliigusa, lini. Jina langu likaandikwa humo, na safari hii nilisaini kweli tupu. Maelezo ya uongo wangu nayo yamo kwenye faili. Afande aliniambia yakihitajika nitaitwa, na nikiitwa nitakwenda.

Nilidhani pale ndipo mwisho. Afande akageuka kwa Nikuze.

"Kama si huyu kijana, basi mwenye pikipiki alitoka Nyakatuntu akaelekea wapi? Pale njiani kuna sheli ina kamera inatazama barabara. Twende sasa hivi."

Nilikwenda nao, hakuna aliyenikataza. Mwenye sheli alitupokea vizuri, akafungua kila kitu. Nikuze akatafuta Jumanne ile. Akatafuta tena. Kisha akasogeza kiti nyuma.

"Mashine hii inatunza siku kumi na nne tu. Ikijaa inaandika juu ya zile za zamani. Jumanne yenu imefutika juzi."

"Haiwezi kurudishwa?"

"Nitajaribu, lakini nisiwadanganye. Imeshaandikwa juu."

Alijaribu. Haikurudi.

Afande hakunitazama, na afadhali angenitazama. Nilihesabu mwenyewe kwa vidole. Ningesema wiki iliyotangulia, picha ingekuwepo. Ningesema Jumatatu ile ile nilipoulizwa, aliyemuua Kokuberwa angeonekana anapita pale, na kiti chake cha manjano, na uso wake.

Wiki iliyofuata mahakama ilimwachia Hagenimana. Alirudi nyumbani akalala siku mbili. Alipoamka alikitoa kile kitambaa cha manjano kwenye kiti, akakikunja vizuri, akanirudishia.

Nikakata mkungu wangu mkubwa kuliko yote nikaupeleka kwa Benadeta, binti wa Kokuberwa. Nilimkuta anageuza kahawa ya mama yake kwenye mkeka. Nikamsalimu, akaitikia. Hakuniambia kaa.

"Nimesikia si Hage," alisema.

"Si yeye."

"Nilifurahi, hata kama huamini. Mama alimpenda mtoto yule." Akaendelea kugeuza kahawa. "Basi ni nani?"

"Hajulikani. Na hatajulikana kwa sababu yangu, Benadeta."

Nikamweleza yote. Saa, chai tuliyokunywa tukisubiri muhuri ubadilike, saini, siku tisa, sheli. Mkono wake ulisimama juu ya kahawa.

"Kwa hiyo ulijua tangu Jumatatu."

"Nilijua."

"Na mimi siku hizo nilikuwa nalala chini kwenye majani, namlilia mama, nikiamini mwanao ndiye. Nilimlaani mtoto wako, Nyiransabimana. Nilimlaani kwa jina, ndani ya nyumba yenye msiba. Sasa hiyo laana niiite irudi kwa njia gani?"

Mkungu ulikuwa bado kichwani kwangu, sikuambiwa niutue.

Mwisho alisema, "Usije kuniambia mimi peke yangu, halafu ukaenda nyumbani ukalala. Kaseme mbele ya watu. Kila mwenye mashine ile ajue, asije mwingine akapotezewa mama yake mara mbili."

Akanisaidia kuutua mkungu. Akauweka kivulini, akarudi kwenye kahawa.

Jumapili nilisimama kigangoni baada ya matangazo, nikasema. Adelard alisimama pamoja nami. Kuna waliotikisa kichwa, kuna mmoja aliyetoka nje. Lakini kigango chetu ni kidogo, na mashine za kamera zimeshafika kila duka kutoka Murongo hadi Kiruruma, kwa hiyo naandika.

Kama una mashine hiyo dukani, leo uilinganishe na simu yako. Ukikuta zimepishana na hakuna neno lolote limetokea, mwite fundi airekebishe, muandike tarehe. Lakini kama kuna mtu ameumia, au amekamatwa, na saa haiko sawa, usiiguse hata kama ni mwanao anayelia. Iache ilivyo, mwite polisi aione ikiwa imekosea, aandike imekosea kwa kiasi gani. Usirekodi kioo kwa simu ukadhani umemaliza. Usikate nusu saa, toa siku nzima. Uliza mashine yako inatunza siku ngapi, na ya jirani yako pia, kwa sababu inajifuta yenyewe na haikuagi. Na ukishagusa, sema siku hiyo hiyo.

Hagenimana amerudi barabarani. Kiti chake sasa ni cheusi. Benadeta bado anavuka barabara ile ile kwenda kuanika kahawa, na pikipiki ikisikika mbali anasimama pembeni, anangoja ipite, anaitazama rangi.